Kopo la Duka na Kopo la Bukari

Ndugu zangu wa Dilala na Manika, na ninyi wa Luilu, Kapata, Musonoie na Fungurume mnaofungua depo kabla jua halijachomoza, leo nawaandikia kwa ajili ya kaye. Wengine watasema daftari, lakini sisi hapa tunasema kaye, na ninayoizungumzia ni ile yenye jalada lililolowa mafuta ya mawese, inayolala chini ya meza pamoja na mizani. Ndani yake mna majina ya wadaiwa na hesabu ambazo mwenye duka peke yake ndiye anayeweza kuzisoma. Mara nyingi hata hiyo haipo. Kaye iko kichwani mwa mama.

Kwetu ilikuwa kichwani mwa mama. Aliuza unga, chumvi, sabuni ya vipande na makayabu, kwanza juu ya meza, meza ikageuka kibanda, kibanda kikageuka depo yenye mlango wa chuma. Wateja aliwajua kwa sauti kabla hajainua macho. Alijua nani hulipa siku ya mshahara na nani hulipa siku mume akirudi kutoka machimboni. Alipougua alilazwa wiki sita, na sisi watoto watano, wengine tuna diploma, tukashika depo. Hatukujua nani anadaiwa. Hatukujua kama mwenye lori la unga hupewa nusu kwanza au yote. Tuliuza kilichokuwepo, fedha ikaenda kwenye dawa na bukari, yaani ugali, na mama aliporudi alikuta rafuni makopo manane ya nyanya na katoni ya viberiti. Hakutugombeza. Aliuliza tu, «Na ile ya Papa Mwalimu, mliipokea?» Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba Papa Mwalimu anadaiwa kitu.

Ombi langu ni dogo, na nalitaja sasa kabla sijaanza kuzunguka. Kila familia ya Lualaba yenye duka, cherehani, gereji, mashine ya kusaga au lori ifungue kaye yake mezani mara moja kwa mwezi, mbele ya mke au mume na mbele ya watoto. Na wanaojua hesabu waende wakakae na wasiozijua. Mengine nitakayoyasema ni ya kueleza kwa nini mzee mzima anasumbua watu kwa jambo la kaye.

Mji wetu wa Kolwezi haukuzaliwa sokoni. Ulizaliwa mwaka 1937 kwenye ramani za kampuni ya madini ya Union Minière ili uwe makao ya machimbo ya magharibi, ukapangwa kama kampuni inavyopanga: kambi ya wafanyakazi huku, nyumba za wakubwa kule, hospitali, shule, kantini. Mfanyakazi alipata mshahara, na juu ya mshahara alipata posho ya chakula kwa kadiri ya watu wa nyumbani mwake. Wazee walisema «kazi njo baba, njo mama», na hawakuwa wakitania. Kampuni ilipotaifishwa mwaka 1967, hatimaye ikaitwa Gécamines, baba alibadili jina akaendelea kulisha. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi alipoandika historia ya familia hizo, kitabu chake kilichotoka mwaka 2001 alikiita *Bana Shaba abandonnés par leur père*, yaani watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwaka 1994 zilikuwa zimebaki kama tani 30,000. Kati ya tarakimu hizo mbili ndipo nyumba zetu nyingi zilipojifunza kuuza vitu barazani.

Shule tuliyopitia kwa vizazi vitatu ilikuwa shule ya mshahara. Tulifundishwa kuamka kwa king'ora, kupanga foleni na kuweka sahihi. Siidharau; ndiyo iliyotupa mafundi ambao hadi leo wanatafutwa Zambia na kwingineko. Lakini mtu wa mshahara huhesabu fedha baada ya kuipata, na mwenye duka lazima aihesabu kabla. Waliokuwa wakisoma shule hiyo nyingine ni wamama. Walilima mboga uani, walikaanga mandazi, waliunda likelemba za kuchangiana fedha kwa zamu, na kila mmoja alijua zamu yake ya kupokea ikifika atanunua nini. Hao ndio maprofesa wetu wa kwanza wa biashara, na hakuna aliyewahi kuwaomba waandike kitu. (Kolwezi ina hata mtaa unaoitwa Biashara. Nimejiuliza mara nyingi kama aliyeupa jina hilo alikuwa akituombea au akitucheka.)

Tumewahi kuona nchi nzima ikirithi maduka bila kurithi kaye. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yanapita mikononi mwa Wazaire. Duka la Mgiriki au la Mreno likapata mwenyewe mpya kwa karatasi tu. Waliokuwa watu wazima siku hizo wanakumbuka kilichofuata: mwenye duka mpya aliuza kilichokuwa rafuni, na rafu zilipokuwa tupu hakujua bidhaa huagizwa kwa nani, kwa mkopo wa siku ngapi, na zikichelewa njiani nani hubeba hasara. Kufikia mwaka 1976 serikali ilikuwa ikiwaita wenyewe wa zamani warudi. Kisa hicho husimuliwa kama kisa cha ulafi, na ulafi ulikuwepo, tena mwingi. Lakini nikikitazama vizuri nawaona wale watoto watano wa depo ya mama, wamesimama nyuma ya meza na funguo mkononi.

Miaka 30 baadaye zamu ikatufikia sisi wenyewe. Mwaka 2003, katika mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa kile kilichoitwa départs volontaires, yaani kuondoka kwa hiari. Wengi walilalamika kwamba walichopewa ni kidogo kuliko haki yao, na malalamiko hayo yamedumu. Mimi nataka kusema juu ya kilichopatikana. Mitaani tuliona kilikokwenda: mashine ya kusaga, teksi ya mtumba iliyoingia kwa mpaka wa Kasumbalesa, friji ya vinywaji baridi, karo za watoto. Mashine iliharibika, na hakukuwa na akiba ya kuitengeneza, kwa sababu kila franka iliyoingia mchana ilikuwa imeliwa usiku. Watu waliokuwa wameendesha mitambo mikubwa kuliko nyumba walishindwa na mashine ya unga, na aibu ile waliibeba peke yao kana kwamba ni upungufu wa akili. Fundi wa umeme wa miaka 25 kazini hakuwahi kuulizwa hata siku moja bei ya kuuza hutokana na nini. Angejulia wapi?

Halafu ikaja kobalti. Mwaka 2014 mtu mmoja wa Kasulo alichimba kwenye kiwanja chake akaikuta, na baada ya muda mfupi mtaa mzima ukawa mashimo, wengine wakichimba hadi ndani ya vyumba vya kulala. Mwaka 2018 bei ya tani moja ya kobalti ilipita dola 90,000. Mwaka uliofuata ilikuwa imeanguka chini ya nusu yake, na mgodi wa Mutanda ukasimamishwa. Februari 2025, bei ikiwa chini zaidi, serikali ilifunga usafirishaji wa kobalti nje ya nchi, na Oktoba ikaufungua kwa viwango maalumu kwa kila kampuni. Mambo hayo huamuliwa Kinshasa, London na Beijing, lakini anayeyajua wa kwanza ni mwenye depo. Mwezi wa neema kaye inajaa fedha taslimu, mwezi wa dhiki inajaa majina. Anayeuza unga Kasulo yumo katika biashara ya kobalti hata kama hajawahi kushika jiwe, na asipojua hivyo atajenga ukuta wa nyumba kwa fedha ambayo ilipaswa kumvusha miezi sita ya ukame.

Naomba mnivumilie nipige hesabu moja. Ni ya kubuni, badilisheni bei kwa zile za leo. Tuseme mama mmoja ananunua mifuko 10 ya unga kwa dola 18 kila mmoja, na analipa dola moja kwa kila mfuko kuusafirisha. Ametoa dola 190. Anauza mfuko kwa dola 21, kwa hiyo moyoni anajua ataona dola 210, faida 20. Lakini wiki hiyo wageni wamekuja, na mfuko mmoja umefunguliwa jikoni. Amebakiwa na mifuko tisa, ambayo ni dola 189. Amepoteza dola moja. Amefanya kazi wiki nzima, amesimama juani, amebishana na wateja, na amelipa dola moja kwa raha hiyo. Na kwa kuwa fedha zote ziko kwenye mfuko mmoja wa kitenge, hataona kitu. Ataona tu kwamba safari ijayo ananunua mifuko tisa, kisha minane, na atasema kuna mtu anamroga.

Sisemi familia isile. Duka ni la familia na lazima liilishe. Nasema mfuko ule uandikwe. Mama auze kwa nyumba yake kama anavyouza kwa jirani, hata kwa bei ya kununulia, na fedha ya jikoni ihame kutoka kopo moja kwenda jingine. Makopo mawili ya maziwa ya Nido yanatosha: moja la duka, moja la bukari. Wachumi waliwahi kulijaribu jambo hili katika Jamhuri ya Dominika, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2014. Kundi moja la wafanyabiashara wadogo lilifundishwa uhasibu wa kawaida wa darasani. Kundi la pili lilifundishwa kanuni chache za mkono, kama ile ya kutenganisha mahali panapowekwa fedha ya biashara na mahali panapowekwa fedha ya nyumba. Kundi la pili ndilo lililoboresha hesabu zake. Mama zetu wa likelemba wangeweza kuwaambia hayo bila utafiti, lakini si vibaya kupata mashahidi.

Ushahidi wa pili umetoka karibu zaidi, Lomé, mji mkuu wa Togo. Huko wafanyabiashara wadogo 1,500 waligawanywa mafungu matatu. Fungu moja halikufundishwa kitu, la pili lilipata mafunzo ya kawaida ya biashara, la tatu lilifundishwa namna ya kufikiri: kutangulia badala ya kusubiri, kuwa tofauti na jirani, kuweka lengo na kushikilia hata mambo yakienda kombo. Matokeo yalitoka mwaka 2017 katika jarida la *Science*. Fungu la tatu lilipandisha faida kwa kama asilimia 30. Fungu la pili lilipata asilimia 11, nayo ilikuwa ndogo mno kuweza kutofautishwa na bahati. Hilo linanigusa, kwa sababu hapa kwetu ukipita mbele ya soko utakuta meza ishirini zinauza nyanya ileile, kwa mafungu yaleyale, kwa bei ileile. Mtu akianza kuuza mayai ya kuchemsha, kufikia Ijumaa kuna meza kumi za mayai. Tunafuatana kama mbuzi. Elimu ya biashara isiyogusa jambo hilo itatupa watu wanaojua kuandika hasara zao kwa mwandiko mzuri.

Tukishindwa tunasema Wachina wametumaliza, au Walebanoni, au Wahindi. Sheria imewawekea Wakongomani biashara ndogo tangu mwaka 1973, na ni haki yetu kudai ifuatwe. Lakini ingieni katika maduka hayo mchana mkatazame bila hasira. Mara nyingi nyuma ya sanduku la fedha amekaa kijana, mtoto wa kaka au mpwa wa mwenye duka, na hajakaa pale kulinda kiti. Anajifunza. Baada ya miaka michache atafungua lake, kwa bidhaa za mkopo alizoaminiwa na mjomba. Wala tusiseme ni tabia ya wageni. Wanande wa Butembo, ndugu zetu wa Kivu Kaskazini, hawana mgodi mkubwa wala reli, barabara zao mnazijua, na tangu zamani wamezungukwa na vita, lakini walijenga biashara inayofika Dubai na Guangzhou, na waliijenga juu ya ukoo na kanisa na uaminifu wa muda mrefu. Hapahapa Katanga, Malta Forrest alianza kazi mwaka 1922. Mwanawe George alizaliwa huku na akaikuza kampuni, na mjukuu Malta David naye yuko katika uongozi wake. Watu wana maneno yao juu ya kampuni hiyo na siasa za nchi, na wanayo haki ya kuyasema. Mimi natazama kitu kimoja tu: miaka mia, vizazi vitatu, jina lilelile mlangoni. Katika mtaa wangu sijui depo hata moja iliyofika kizazi cha pili.

Kuna sababu nyingine, najua. Vita vya Mei 1978 vilipita juu ya maduka yetu. Uporaji wa 1991 ulifuata. Mwaka 1992 na 1993 majirani zetu Wakasai walifukuzwa, wakasubiri treni stesheni na watoto na vifurushi, na pamoja nao ziliondoka biashara ambazo hazikujengwa kwa siku moja. Hilo tulijifanyia wenyewe. Leo umeme unakatika, na kila wiki anakuja mtu na karatasi ya kodi ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. Kaye haitarudisha umeme. Lakini mwenye kaye anaweza kumwambia mtu wa karatasi, «Hii nililipa tarehe kumi na nne, stakabadhi hii hapa,» na nimeona kwa macho yangu jinsi mtu wa karatasi anavyogeuka kuwa mpole.

Ziko pia fedha zinazotupita mbele ya mlango. Tangu sheria ya tarehe 8 Februari 2017, kazi za sous-traitance, zile ambazo kampuni kubwa huwapa wengine, zimewekewa kampuni ambazo sehemu kubwa ya mtaji wake ni ya Wakongomani, na kuna mamlaka nzima, ARSP, ya kusimamia jambo hilo. Migodi yetu inahitaji sare za kazi, mboga, mayai, usafiri, kufua, kuchomelea, kufagia. Mshona nguo wa Manika anaweza kushona ovaroli. Lakini mgodi utamuuliza namba ya usajili, namba ya kodi, akaunti ya benki, fakture yenye muhuri, na kisha utamlipa baada ya miezi miwili au mitatu. Je, anajua kupiga bei ambayo ndani yake mna gharama ya kusubiri miezi mitatu? Asipojua, akikosa fedha ya kitambaa atakwenda kwa Lambert, yule anayekopesha 100 na kudai 150 mwisho wa mwezi, na ovaroli zote zitakuwa zimeshonwa kwa ajili ya Lambert. Ndiyo maana kandarasi nyingi huishia kwa wenye majina ya kukodisha, Mkongomani kwenye karatasi na mwingine kwenye fedha. Sheria ilitufikiria, nasi hatukuwa tayari kuipokea.

Sasa niguse pale panapouma. Biashara nyingi za familia hapa hazifi sokoni, hufa kwenye kilio. Baba amezikwa, bado wageni wanakula, na tayari wajomba na kina baba wadogo wamekaa pembeni wanazungumza juu ya lori. Mjane anaulizwa funguo. Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 iko wazi: watoto wa marehemu wanapata robo tatu ya urithi, na robo inayobaki ni ya mjane pamoja na wazazi na ndugu wa marehemu. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliondoa ile ruhusa ya mume ambayo mke aliyeolewa alitakiwa kuwa nayo ili ashike shughuli zake kisheria. Lakini sheria hugawa kinachoonekana. Lori linaonekana. Deni ambalo wateja walimwahidi marehemu halionekani, na uaminifu alionao mwenye maghala wa Lubumbashi kwa jina lake hauonekani. Mjane aliyekuwa akiifungua kaye kila mwezi pamoja na mumewe anajua vyote viwili. Aliyeambiwa miaka 20 kwamba «hayo ni mambo ya wanaume» anabaki na gari lisilo na kazi ya kufanya, na gari lisilo na kazi huuzwa.

Na akina baba, semeni wazi wakati mnapumua: nani ataendesha duka, nani atapata sehemu ya faida bila kuendesha, mdogo wenu wa tumbo moja aliyechangia mtaji mwaka ule anadai kiasi gani. Najua mnaogopa kwamba kuyasema ni kuita kifo. Mama yangu naye aliogopa. Baada ya yale makopo manane ya nyanya alimwita dada yetu mdogo, akampa kaye mpya, akaanza kumtajia majina usiku, moja moja, kana kwamba anamfundisha sala. Papa Mwalimu alikuwa wa tatu. Alilipa.

Kwa hiyo nina watu wa kuwaomba.

Wastaafu wa ofisi za hesabu, mliokuwa mkitengeneza mishahara ya maelfu ya watu kwa kalamu na mashine ya mkono: ninyi ni hazina iliyokaa chini ya miembe. Chagueni familia mbili za jirani. Msiwape somo. Kaeni nao mara nne, muulize maswali, muwaachie kaye yenye mistari mitatu: kilichoingia, kilichotoka, kilicholiwa.

Walimu, na hasa ninyi wa Chuo Kikuu cha Kolwezi na wa taasisi ya mafunzo ya kazi ya INPP: fundisheni kwa Kiswahili chetu. Nimekaa katika semina ambapo mtaalamu alieleza compte d'exploitation kwa saa mbili za Kifaransa kizuri, na wamama wa soko wakatikisa vichwa kwa heshima, wakala sandwichi, wakarudi sokoni kama walivyokuja. Wanafunzi wenu wa biashara waende depo za wazazi wao na kurudi na hesabu ya kweli ya mwezi mmoja, badala ya mpango wa kampuni ya kubuni ambayo haitazaliwa. Atakayegundua kwamba duka la baba yake linapata hasara tangu Pasaka amejifunza kuliko mimi katika miaka yote ya shule.

Wakuu wa vikundi, machifu na ninyi wajumbe mnaoketi na makampuni kuandika cahier des charges: Kanuni ya Madini ya mwaka 2018 inayataka makampuni hayo yatoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazoyazunguka. Tunaomba visima, madarasa na zahanati, na tuendelee kuomba. Lakini katika kaye ile kubwa wekeni pia mstari mmoja wa kaye hizi ndogo: mwalimu anayetembea dukani hadi dukani kwa mwaka mzima, si semina ya siku mbili yenye kofia na fulana. Jengo litabaki kampuni ikiondoka, ndiyo, lakini nani atauza chaki pale?

Na wewe, mwenye depo unayesoma haya ukiwa umeegemea mfuko wa sukari, au unayesomewa na mtoto wako. Mtoto asikose shule kwa ajili ya duka. Hilo tusilifanyie mchezo, tumepoteza watoto wengi mno kwenye mashimo. Lakini jioni, akimaliza kazi ya shule, mpe ajumlishe. Mwambie bei uliyonunulia, ambayo labda hata mke wako hujamwambia. Miezi ya mwisho ya 2025, franka ilipopata nguvu ghafla na wenye bidhaa za dola wakachanganyikiwa, mtoto mmoja wa darasa la sita jirani yangu ndiye aliyemwonyesha babake kwamba akiuza kwa bei mpya bidhaa za zamani, kila katoni ya sabuni inamtoa damu. Baba alikasirika kidogo. Kisha akaipiga hesabu mara ya pili.

Barazani kwangu, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa tisa mchana, kuna benchi mbili na meza. Mvua ikinyesha tunaingia sebuleni. Dada yangu atakuwepo, na mama, kama miguu inamruhusu. Yeye hapendi kuandika, lakini ukikosea jumla anajua kabla hujainua kalamu. Njoo na kaye yako jinsi ilivyo, hata kama kurasa zimegandana kwa mafuta, na uje na yule wa nyumbani kwako ambaye hajawahi kuiona. Makopo ya Nido tunayo ya kutosha.